Damu ya Watu, Jini la Kwetu

Barua ya posa ikishafika nyumbani, mahari hungoja. Kwanza huulizwa: kwao vipi? Kuna kifafa? Kuna pumu? Kuna wazimu? Watu wa pwani hawaulizi waziwazi. Huzunguka kwa jirani, kwa muuza samaki, kwa mwanamke aliyewahi kupanga nyumba ya kina bwana harusi. Jibu moja tu, kwamba kijana ana baba mdogo ambaye akili zake si nzuri, linatosha kuirudisha barua ilikotoka.

Mjadala huu nimeutunga juu ya barua ya namna hiyo, Mombasa. Wasemaji ni watatu wa nyumba moja. SHANGAZI ni mama wa binti anayeposwa. AMI ni mdogo wake, baharia mstaafu aliyekaa London miaka mingi. MUUGUZI ni mtoto wa marehemu kaka yao, na kazi yake ni wadi ya wagonjwa wa akili. Watu hawa ni wa kubuni. Hoja zao sikuzibuni. Kijana aliyeleta posa ana miaka 31, mzima, anafanya kazi bandarini. Mgonjwa ni baba yake mdogo: skizofrenia tangu ujana, na sasa huchomwa sindano kila mwezi.

SHANGAZI: Mimi na kijana hatuna ugomvi. Ana adabu, ana kazi, akipita anaamkia watu. Lakini baba yake mdogo tumemuona sote, anakaa barazani anabishana na watu ambao hawapo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Wewe uliyesoma, mwanangu, niambie kweli mbele ya ami yako: maradhi haya hayarithiwi?

MUUGUZI: Yanarithiwa, Shangazi.

AMI: Nimekuita unisaidie, wewe wanimaliza!

MUUGUZI: Nisamehe, Ami. Nikimficha leo ili posa ipite, kesho ataambiwa na mwingine, na hatanisikiliza tena. Tuanze na pacha. Pacha wa kufanana wana urithi mmoja. Wasiofanana wamegawana nusu, kama ndugu wowote. Denmark wana daftari la pacha wao wote na daftari la wagonjwa wao wote. Mwaka 2018 walichapisha walichokiona baada ya kuyaoanisha. Pacha wa kufanana mmoja akiwa na skizofrenia, mwenzake naye huugua mara 33 hivi kwa 100. Kwa wasiofanana ni mara 7. Na kwa watu wa kawaida haizidi mtu 1 kwa 100.

AMI: Pacha hulala chumba kimoja na hula sahani moja. Nyumba ikiwa mbovu, ni mbovu kwa wote wawili.

MUUGUZI: Swali hilo aliliuliza Leonard Heston, Marekani, mwaka 1966. Alitafuta watu wazima 47 ambao mama zao walikuwa wamelazwa kwa skizofrenia katika hospitali za jimbo la Oregon. Watoto hao waliondolewa kwa mama zao ndani ya siku 3 za kuzaliwa, wakalelewa na wengine. Watano kati yao waliugua ugonjwa uleule. Akawatazama na wengine 50 waliotenganishwa vilevile na mama wasio wagonjwa. Hakuugua hata mmoja.

SHANGAZI: Siku tatu! Hata harufu ya mama hawakuijua. Ami yako na anyamaze sasa.

Kabla Ami hajanyamaza, nataka kusema neno. Msomaji anaweza kudhani kwamba habari hii ya damu ni mbaya kwa kila mtu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, daktari Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika juu ya mama ambaye malezi yake ndiyo humtia mwanawe skizofrenia. Mwaka 1956 Gregory Bateson na wenzake wa California wakasema mtoto huharibikiwa kwa kuambiwa mambo mawili yanayopingana, huku hana ruhusa ya kuuliza lipi ni lipi. Kwa miaka mingi mama wa Kimarekani aliyempeleka mwanawe hospitalini alipokewa kama mshukiwa. Alichunguzwa anavyomkumbatia mtoto, anavyomjibu, anavyokaa kitini. Hesabu za Heston, na zile ambazo Seymour Kety na wenzake walizikusanya Denmark kwa watoto wa kulea, ndizo zilizomuondolea mama huyo lawama. Kwa hiyo jambo lilelile ambalo Shangazi anataka kulitumia kuwafungia watu mlango, kwa wanawake wale lilikuwa faraja ya kwanza waliyowahi kuipata kutoka kwa daktari.

AMI: Sinyamazi. Nina hesabu ndogo. Umesema 33 kwa 100. Wale 67 wako wapi?

MUUGUZI: Wako kazini, Ami. Urithi mmoja toka utosini hadi unyayoni, mmoja anasikia sauti, mwenzake anapanda matatu asubuhi. Kama damu peke yake ingetosha, ingekuwa 100 kwa 100. Michigan, mwaka 1930, walizaliwa mabinti wanne wa kufanana, na wote wanne waliugua ujanani. Taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, NIMH, iliwachukua kuwachunguza, na David Rosenthal akachapisha kitabu juu yao mwaka 1963. Akawaita Nora, Iris, Myra na Hester ili kuficha majina yao. Ukizisoma herufi za mwanzo utaiona taasisi yenyewe.

SHANGAZI: Wanne kwa wanne! Ushahidi gani tena wautaka?

MUUGUZI: Subiri, Shangazi. Myra aliolewa, akazaa, akafanya kazi. Hester hata sekondari hakumaliza. Damu moja, maisha mbalimbali. Na baba yao alikuwa mlevi mkali, akiwachunga mabinti kama wafungwa. Yaani sababu unayoitaka wewe na sababu anayoitaka Ami zilikaa nyumba moja, na Rosenthal hakuweza kuzitenganisha.

AMI: Basi tuseme nusu kwa nusu, tuitikie dua.

MUUGUZI: Wala si hivyo. Watafiti wale wa Denmark walitoa tarakimu nyingine, asilimia 79, na watu huitumia vibaya. Husema ugonjwa ni damu 79 na mazingira 21, kama mtu anayepima chai na maziwa. Tarakimu hiyo inahusu tofauti kati ya watu wa nchi moja katika wakati mmoja. Denmark karibu kila mama huzaa mikononi mwa mkunga, na watoto hula wakashiba. Mambo hayo yakishakuwa sawa kwa wote, kinachobaki kuwatofautisha ni urithi zaidi. Nenda mahali penye njaa na vita, tarakimu itabadilika. Urefu wa mwili nao hurithiwa sana, na bado wanaume wa Uholanzi wamerefuka kama sentimita 20 katika muda wa miaka 150 hivi. Jeni zao hazikubadilika kiasi hicho. Chakula na afya ndivyo vilivyobadilika.

SHANGAZI: Waholanzi hawatanilelea wajukuu. Huyu kijana, hatari yake ni ngapi?

MUUGUZI: Irving Gottesman alikusanya hesabu za familia za Ulaya za miongo mingi. Mtoto wa mgonjwa, 13 hivi kwa 100. Ndugu wa mgonjwa, 9. Mtoto wa ndugu wa mgonjwa, 4. Kijana wetu yumo humo, kwenye 4. Na hizo ni hesabu za umri wote tangu kuzaliwa. Wanaume wengi wanaougua huanza kabla ya miaka 30, na yeye ana 31. Sehemu kubwa ya hatari yake ameshaipita. Watoto wake watakuwa mbali zaidi na mgonjwa, karibu sawa na mtoto wa yeyote mtaani.

SHANGAZI: Kidogo si sufuri.

MUUGUZI: Sufuri haipo kwa mtu yeyote. Ukichukua wagonjwa 100, kama 60 hivi hawana mzazi, ndugu, mjomba wala bibi aliyewahi kuugua. Koo zenye mgonjwa anayejulikana ukiziepuka zote, ugonjwa mwingi utakujia kutoka kwa koo ulizoziona safi.

AMI: Wajerumani walijaribu kuziondoa kabisa.

Ami anasema kweli, na mahali hapa sipendi kupita haraka. Ernst Rüdin wa Munich alichapisha mwaka 1916 uchunguzi mkubwa wa kwanza wa ndugu za wagonjwa wa skizofrenia. Alitaraji hesabu zake zifuate sheria za urithi za Mendel, kama rangi za maua ya njegere, na hazikufuata. Hilo halikumzuia. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilipotunga sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na maradhi ya kurithi, skizofrenia ikiwemo, Rüdin alikuwa mmoja wa walioandika ufafanuzi rasmi wa sheria hiyo. Takriban watu 400,000 wa kila aina ya "kasoro" walifungwa uzazi. Kisha, kati ya Januari 1940 na Agosti 1941, zaidi ya 70,000 waliokuwa katika hospitali na makazi ya wagonjwa waliuawa kwa gesi. Mwaka 2010 E. Fuller Torrey na Robert Yolken walikadiria kwamba wagonjwa wa skizofrenia peke yao waliofungwa uzazi au kuuawa walikuwa kati ya 220,000 na 269,500, yaani kati ya asilimia 73 na 100 ya wote waliokuwa Ujerumani. Baada ya vita ugonjwa ulipaswa kuwa umekwisha, au angalau kupungua sana. Uchunguzi uliofanywa miaka ya baadaye ulikuta wagonjwa wapya kwa wingi uleule, na hata zaidi. Haiwezi kuwa vinginevyo ikiwa wengi wa wagonjwa huzaliwa na wazazi wazima. Simfananishi Shangazi na watu wale. Yeye analinda binti yake tu. Ila hesabu iliyowashinda wao inamshinda na yeye.

AMI: Sasa niacheni niseme yangu. Mimi nimeishi London. Nimeona vijana wa watu kutoka Jamaika, Nigeria, Somalia, wazazi wao wazima wa akili, wao wanaokotwa na polisi usiku. Damu ya Kingston na damu ya Brixton si moja? Basi kimewapata nini?

MUUGUZI: Hilo limehesabiwa. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa watu waliougua kwa mara ya kwanza London ya kusini-mashariki, Nottingham na Bristol. Watu wenye asili ya Karibi walipata skizofrenia karibu mara 9 kuliko Waingereza weupe, na Waafrika zaidi ya mara 5. Ili isisemwe kwamba daktari mzungu amemuona mtu mweusi akamwita kichaa, waliotoa uamuzi wa ugonjwa walifichwa asili ya mgonjwa. Na Jamaika, Trinidad na Barbados kwenyewe, walipohesabu, ugonjwa haukuwa juu namna hiyo.

SHANGAZI: Labda wanaohama ndio waliokuwa na mashaka tangu mwanzo. Mtu aliyetulia hahami.

Shangazi hajui kwamba amerudia, karibu neno kwa neno, maelezo ya Ørnulv Ødegård. Mwaka 1932 daktari huyo wa Norway aliona kwamba Wanorwe waliohamia Minnesota walilazwa zaidi kwa skizofrenia kuliko wenzao waliobaki kwao, akadhani wenye mwelekeo wa ugonjwa ndio wapendao kuondoka. Ni hoja ya mtu mwenye akili. Kasoro yake ni moja.

MUUGUZI: Watoto wao je, Shangazi? Waliozaliwa hukohuko, ambao hawakupanda meli yoyote? Nao hatari yao iko juu. Kuna na jambo jingine. Mwaka 2001 watafiti wa London ya kusini waliona kwamba watu wa asili ya nje walivyokuwa wachache mtaani, ndivyo walivyougua zaidi. Mtu yuleyule, mji uleule. Akizungukwa na wenziwe hatari inapungua, akiwa peke yake inapanda.

AMI: Upweke. Na kudharauliwa kila siku. Mimi mwenyewe nilikuwa natembea maili nzima kwenda kunywa kahawa na Wazanzibari, kwa ajili ya kuamkiwa tu.

MUUGUZI: Na mambo mengine humfika mtu kabla hajazaliwa. Uholanzi tena, samahani Shangazi. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Wanazi walizuia chakula kisifike miji ya magharibi. Mgao wa siku ukashuka chini ya kalori 1,000, watu wakala vitunguu vya maua, na takriban 20,000 wakafa. Watoto ambao mimba zao zilitungwa njaa ilipokuwa kali kuliko wakati wote walikuja kuwa na skizofrenia mara 2 ya wengine. Eneo la Wuhu nchini China, baada ya njaa kuu ya 1959 hadi 1961, liliona jambo hilohilo. Hao hawakurithi njaa. Iliwakuta tumboni.

Kuna orodha ndefu ya mambo ya aina hii: uchungu wa uzazi uliomnyima mtoto hewa, maambukizi ya mama mjamzito, kukulia mjini badala ya shamba, kupigwa na kudhalilishwa utotoni. Kila moja huongeza kidogo, na hakuna lolote linalotosha peke yake. Sitayapitia yote, kwa sababu Shangazi ameshachoka na anataka kuuliza swali ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote ya jioni hiyo.

SHANGAZI: Kama ni damu, au hata kama ni tumboni, mbona yule baba mdogo wa watu alikuwa wa kwanza darasani hadi kidato cha tatu? Ugonjwa ulijificha wapi miaka yote hiyo?

MUUGUZI: Ubongo wa kijana hauongezeki tu, Shangazi, hupunguzwa pia. Kuanzia ujana, viunganishi visivyotumika kati ya seli huondolewa ili vinavyobaki vifanye kazi kwa haraka. Mwaka 2016 Steven McCarroll, Beth Stevens na wenzao wa Boston walionyesha kwamba jeni moja, C4, ambayo kazi yake ya kawaida ni kinga ya mwili, huhusika katika kuviwekea alama viunganishi vya kuondolewa. Wenye aina zinazoifanya ijitokeze kwa wingi wana hatari zaidi kidogo. Huenda kwao kazi hiyo hupita kiasi. Ndiyo maana mtoto hung'ara hadi miaka 16, akaanza kuharibikiwa akiwa na 20.

AMI: Na huo ndio umri wanaoanza bangi.

MUUGUZI: Ndio huohuo. Wasweden waliwafuatilia vijana 45,000 na ushei walioandikishwa jeshini kwa miaka 15. Mwaka 1987 walitoa majibu: waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 waliugua skizofrenia mara 6 ya wasiovuta. Mwaka 2019 Marta Di Forti na wenzake walilinganisha miji ya Ulaya na Brazili. Mvutaji wa kila siku wa bangi kali alikuwa na hatari ya kurukwa na akili karibu mara 5. Kwa mvutaji mmoja mmoja bado wengi hawaugui. Lakini wadini kwangu, kijana mpya akiletwa amefungwa kamba, swali la pili baada ya jina ni hilo.

SHANGAZI: Basi ni bangi, damu imepona.

MUUGUZI: Haijapona. Wenye urithi wa ugonjwa huu huelekea kuvuta bangi kuliko wengine, yaani damu inaweza kumpeleka mtu kwenye moshi, na moshi ukaikuta damu. Finland, Pekka Tienari aliwatazama watoto wa kulea wa mama wagonjwa. Waliolelewa katika nyumba za magomvi, karibu 37 kwa 100 walipata skizofrenia au maradhi ya jamii yake. Waliolelewa katika nyumba tulivu, chini ya 6. Wale wasio na urithi huo, nyumba ya magomvi haikuwaongezea karibu kitu. Ninakiri kwamba mtoto akianza kuharibikiwa, nyumba nayo huchafuka, kwa hiyo si rahisi kujua kipi kilitangulia. Hata hivyo, ukiniuliza damu au mazingira, nitakuuliza nyumba gani, mji gani, mwaka gani.

AMI: Dada, tuseme na la kwetu. Mjomba wetu wa Lamu alikaa miaka mingapi chumba cha uani, mlango umepigwa komeo?

SHANGAZI: Yule alikuwa na jini. Alipita chini ya mbuyu saa ya magharibi, kila mtu anajua.

AMI: Akibishana na watu ambao hawapo.

SHANGAZI: Nimesema alikuwa na jini.

AMI: Ndiyo. Wao wana damu, sisi tuna jini.

Hapa ndipo nilipokuwa nikipaendea tangu mwanzo. Tukiuliza ugonjwa umetoka wapi, mara nyingi tunachotaka kujua ni nani wa kulaumiwa, na jibu tunalichagua kwa kutazama mgonjwa ni wa nani. Akiwa wa kwao, ni ukoo. Akiwa wa kwetu, amelogwa, au amepitiwa. Madaktari wa karne ya 20 hawakuwa bora kuliko sisi: Fromm-Reichmann alimchagua mama, Rüdin akauchagua ukoo.

Lakini jini silidharau. Juli McGruder, mwanaanthropolojia kutoka Marekani, aliishi Zanzibar katika miaka ya 1990 akizifuatilia familia zenye wagonjwa wa skizofrenia waliotibiwa katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Aliona watu wakiandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wakaisuuza kwa maji, mgonjwa akanywa kombe. Hospitali walikwenda pia, hawakuona mgongano. Kilichomvutia ni yanayotokea mgonjwa akipata nafuu. Jini limeondoka, basi mtu amerudi, anatumwa dukani, anapewa mtoto ambebe. Hakuna aliyemtazama kama mtu aliyevunjika moja kwa moja. George Brown na wenzake wa London walikuwa wameonyesha kitambo kwamba mgonjwa akitoka hospitali kwenda kwa jamaa wanaomkosoa na kumuandama, ugonjwa humrudia haraka kuliko anayekwenda kwa jamaa wapole. Familia haimtii mtu skizofrenia. Lakini namna inavyokaa naye humfanya alale nyumbani au wadini. Jini, kwa upande huo, lilikuwa na adabu kuliko daktari wa mwaka 1948.

MUUGUZI: Ila kwa mjomba wa Lamu halikuwa na adabu, Shangazi. Komeo si dawa.

SHANGAZI: Dawa hazikuwepo.

MUUGUZI: Zilikuwepo. Klopromazini ilianza Paris mwaka 1952.

SHANGAZI: (baada ya kimya) Basi kijana na apimwe damu, tujue moja.

MUUGUZI: Kipimo hicho hakipo. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi ya watafiti wa nchi nyingi, wagonjwa zaidi ya 76,000. Walikuta sehemu 287 za urithi zinazohusika, kila moja ikiongeza hatari kwa kiasi ambacho huwezi kukiona kwa mtu mmoja. Mimi ninazo baadhi, wewe unazo. Wachache mno wana jambo kubwa, kama kukosekana kipande cha kromosomu ya 22, ambapo 1 kati ya 4 hivi hurukwa na akili. Na wengi wa wagonjwa wale 76,000 walikuwa wa asili ya Ulaya. Alama za hatari zilizotengenezwa kwao hazifanyi kazi vizuri kwetu.

AMI: Kwa hiyo sisi hatujahesabiwa?

MUUGUZI: Tumeanza. Afrika Kusini, mwaka 2020, walichapisha juu ya Waxhosa, wagonjwa 909 na wazima 917, wakaona wagonjwa wana mabadiliko mengi zaidi ya nadra yanayoharibu jeni za viunganishi vya ubongo. Na hapo Kilifi, Eldoret, Makerere, Addis Ababa na Cape Town umefanyika mradi wa NeuroGAP uliokusudia kukusanya mate ya watu takriban 35,000, nusu wagonjwa na nusu wazima. Mtu alitemea kikopo, akaulizwa maswali, na kabla ya hayo alipimwa kama ameelewa anachokubali.

AMI: Na mate hayo yamekwenda wapi?

MUUGUZI: DNA yake husomwa Marekani, karibu na Boston.

AMI: Nilijua kuna meli mahali.

Siwezi kumlaumu Ami kwa shaka hiyo. Pwani imepakia vitu vingi melini bila kuulizwa. Hata hivyo naona ni bora tuwemo kuliko dawa za miaka 30 ijayo kutengenezwa kwa damu ya Ulaya peke yake.

MUUGUZI: Kuna jambo moja nimelibakisha, Shangazi, na utanisamehe. Baadhi ya mabadiliko haya mtu harithi kwa yeyote. Huzuka upya katika mbegu za baba, na baba akizidi kuzeeka huzidi. Jerusalem, mwaka 2001, Dolores Malaspina na wenzake waliona watoto wa baba aliyepita miaka 50 wakiugua karibu mara 3 ya watoto wa baba aliye chini ya 25. Wengine baada yao walipata ongezeko dogo zaidi, lakini mwelekeo ni huohuo.

AMI: Yule bwana wa maduka ya vitambaa uliyemtaka wewe badala ya huyu, ana miaka mingapi?

SHANGAZI: Hamsini na mbili, na hilo halikuhusu.

AMI: Nauliza tu.

SHANGAZI: Sijasema ndiyo, mnisikie nyote wawili. Mshenga aende akaulize jambo moja: anavuta? Nataka kujua bangi, na tangu lini, na miraa pia. Habari ya baba yake mdogo tumeshaimaliza. Na mnijulie hiyo sindano ya kila mwezi nani humpeleka, kwa sababu kama ni kijana mwenyewe, hilo nalo nataka kulijua.

MUUGUZI: Ndiye. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi huwaona wote wawili kliniki.

AMI: Mimi nilipoposa, hakuna aliyeuliza kama navuta.

SHANGAZI: Nani angeuliza? Moshi wako ulifika kabla ya barua.